Gurudumu la Bibi Yako

Salma, mjukuu wangu,

Marahaba. Sote wazima, na bibi yako bado hakosi pwani kwenye mwani wake. Unauliza nilimpata wapi.

Alikuja Mlandege, kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, kabeba gurudumu lililopinda. Nikakaza spoki, likazidi kupinda. Wateja wakacheka.

"Fundi," akasema, "sisi Jambiani kamba ya mwani ikivutika upande mmoja, tunalegeza kwanza."

Nikalegeza kwa hasira, nimwonyeshe kuwa hajui. Likanyooka.

Wiki ile nikaenda Jambiani kuuliza kama linazunguka vizuri. Nikaenda tena, na tena. Mara ya nne baba yake akanambia, "Fundi, gurudumu zima. Sema ulichokuja kusema."

Nikasema.

Babu yako