Rauli ya Uani Kwangu

Jumamosi, 31 Mei
Nimepima tena. Sentimita sitini na mbili, sawa na wiki iliyopita. Rauli, mti wa milima ya Chile. Binti yangu Chantal anafanya kazi kule, ndiye aliyenitumia mbegu. Barua yake inasema mti huu hukua haraka ukiwa mchanga, hunyooka kama nguzo, hufika mita arobaini. Nimewaambia watu wote wa avenue, mtaa mzima. Huenda niliongea mno.

Jumatano, 4 Juni
Baridi kali. Majani yamekuwa mekundu. Mke wangu anasema yanapendeza. Mimi sipendi.

Jumapili, 8 Juni
Majani yote chini. Kimebaki kijiti. Najua ni nani. Papa Kalenga, jirani, dereva mstaafu. Tangu Pasaka analalamika kwamba mizizi itaangusha ukuta wake. Ameumwagia mti maji ya sabuni. Ushahidi sina. Sihitaji.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwita muuaji mbele ya watu, kwenye foleni ya maji. Alibeba bidoni zake, akaondoka. Miaka ishirini na miwili ya ujirani. Nilijiona shujaa mpaka saa sita mchana.

Jumatano, 18 Juni
Kalenga amehamia misa ya pili ili asinione. Nacheza dama peke yangu. Nimeshindwa mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti
Mke wangu ameniita uani. Machipukizi matano kwenye kijiti! Nikakimbilia barua ya Chantal. Kumbe ina maandishi nyuma. “Papa, wakati wa baridi mti utapukutisha majani yote, usiogope.” Nimefundisha biolojia miaka thelathini na mmoja. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Ameniambia niende kwa Kalenga leo. Nimesema kesho.

Jumapili, 17 Agosti
Nilifika mlangoni kwake. Binti yake akatoka, nikasema natafuta kuku wetu. Hatufugi kuku. Aibu.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimekwenda. Nimesema yote, hata ya nyuma ya barua. Kalenga akasema, “Mwalimu, uliniita muuaji mbele ya bantu bote, kumbe muti iko inapumuzika?” Nikasema ndiyo. Akavaa kofia, akataka kuuona. Aliinama, akagusa chipukizi kwa kidole kimoja. Akauliza kivuli kitapatikana lini. Miaka kumi, nikamwambia, udongo ukiupenda. Yeye ana sabini na minne. Mimi sabini na mmoja.
Alirudi kwake, akaleta kiti, akakiweka pale ambapo kivuli kitakuwa. Jua lilikuwa kali. Nikaenda kuchukua changu.