Nyaya Alizochagua Wifi

Kaka,

Mkono wa baba, ulioungua nyaya zilipowaka botini, unapona. Sasa anashika kikombe mwenyewe. Anayefunga upya nyaya za betri kwenye boti yake ni wifi, mkeo, na kwa kazi hii namvulia kofia. Alipima kwa kamba toka betri hadi injini, kwenda na kurudi, akachagua nyaya nene kama kidole gumba, shaba yake imepakwa bati isiliwe na chumvi. Muuzaji alijaribu kumpa nyembamba, akaishia kuzirudisha rafuni.

Baba alipouliza kilichounguza zile za zamani, wifi alijibu, "Chumvi, baba." Baba akaitukana bahari, yakaisha.

Lakini zile zilikuwa nyaya nyembamba za taa za nyumbani, zisizohimili injini, kaka, na ulizifunga wewe. Kipande kilichoungua wifi amekiweka kabatini, juu ya mashati yako.

Dada yako