Pumba Mpya Juu ya Zilizolowa

Lumemo, Ifakara
14 Aprili 1996

Mwanangu Luciana,

Sisi wazima, ila mvua haikatiki. Mama yako anakusalimu. Mpunga wangu umewapita majirani wote, waulize.

Kuku ulioniachia, ambao ulisema utaanzia nao maisha ukimaliza uuguzi, wanaharisha. Bwana mifugo alishanionya mwezi wa pili: "Mzee, pumba za bandani zimelowa, zina vijidudu. Toa zote, mwaga chokaa, sakafu ikauke." Nikamjibu, "Bwana mdogo, nimelima mpunga miaka arobaini, leo unifundishe pumba?" Nikawa natandaza mpya juu ya zile zile. Banda likapendeza kweli, hata katekista alisifu.

Jana nimefukua. Chini kunatoka mvuke, na ile harufu siwezi kuiandika. Nimetoa zote, nimemwaga chokaa kwa mikono hii hii, lakini bado wanakufa. Kati ya sitini wamebaki tisa. Usiache masomo ukaja, hakuna utakachookoa.

Leo nimemwita bwana mifugo mwenyewe. Amesimama mlangoni, ametazama, akanipa pole. Hakunicheka, mwanangu. Heri angenicheka.

Ni mimi baba yako,
Wendelin