Mashine ya Magesa Ilikuwa Inaongea

Kaka Magesa,

Kompyuta yako haijafa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu. Wajukuu wazima. Kaburi lako kule Butiama limesakafiwa na kuzungushiwa michongoma, ng'ombe hawapiti tena juu. Wifi Nyangeta bado ni mkuu wa shule, bado anawanyoosha walimu na wazazi kwa rula ileile. Nyumba yenu ya Bunda, pale Manyamanyama, imepakwa rangi ambayo usingeijali.

Habari nyingine ni ya macho yangu. Presha ya macho imeyala. La kushoto linajua tu kama ni mchana. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na nyuma ya tundu kuna ukungu. Usinihurumie. Hukuwahi kuhurumia mtu kwa sababu ya macho, na hukupenda kuhurumiwa. Ulikuwaga unaniambia, "Nyamisi, wewe unagombana na dunia kwa macho. Siku yakizima ndiyo tutajua kama ugomvi ulikuwa kichwani au kwenye miwani." Nilicheka. Wakati huo nilikuwa na miwani.

Herufi ziliponikimbia, Baba Neema alijitolea kuniandikia. Unamjua shemeji yako. Ni mtu anayemwomba kuku samahani kabla ya kumfukuza kwenye mkeka. Mimi nilikuwa natembea sebuleni nikitema maneno, yeye anabonyeza taratibu, na nikimaliza ananisomea aya ya kwanza na ya mwisho, tunatuma. Makala ya kwanza tuliyoandika hivyo ilihusu ofisi moja ya hapa kwetu. Jina lake halistahili kuingia kwenye barua yako. Ofisi hiyo iliitisha mkutano wa watu wenye ulemavu, na tangazo la mkutano ikalituma kwenye simu za watu kama picha ya karatasi yenye muhuri. Picha, kaka! Unamwita kipofu mkutanoni kwa picha. Nilichemka. Niliwaambia waache dharau, niliwaambia ni wavivu, niliwaambia mengine ambayo mama angenifinya.

Makala ikatoka. Nikasubiri moto. Badala ya moto nikapata pongezi. Mmoja akaandika, "Dada Nyamisi siku hizi umepoa." Mwingine, "Mama ameokoka mara ya pili." Nikajiuliza kama ni uzee. Nilikaa siku kadhaa nikiamini kwamba macho yalipoondoka yaliondoka na ulimi.

Ndipo wifi akaniambia nichukue kompyuta yako, iwe inanisomea. Ilikuwa kwenye begi lake tangu msibani, hakuna aliyeigusa. Niliifungua nyumbani, nikabonyeza pale pa kuwashia, kioo kikabaki cheusi. Hata Baba Neema mwenye macho mawili mazima alisema ni cheusi. Kisha ikatoa sauti. Siyo sauti ya mtu. Ilikuwa kama redio iliyoshikwa na mtoto anayezungusha stesheni. Kila ukigusa kitufe, inachachatika, inanyamaza. Miaka yote niliyokutembelea ulikuwa unavaa vile vya masikioni ili usinisumbue mgeni, kwa hiyo sikuwahi kuisikia mashine yako. Nilijua inakusomea. Sikujua inakusomea vipi.

Tukaipeleka kwa fundi hapa Musoma mjini. Kijana mchangamfu, maneno mengi. Akaichaji kidogo, akaichomoa ili achomeke simu ya mteja, akaiwasha. Kioo cheusi. Ikachachatika. Akatikisa kichwa.

"Mama, hii kioo kimekufa na sauti imeungua. Halafu humu ndani alikuwaga ametumia ule mfumo wa bure, Linux. Hiyo ndiyo inaharibugu mashine. Niachie, nafuta kila kitu, nakuwekea mfumo wa maana."

"Wa maana kwa nani?" nikamuuliza.

"Unaotumiwa na watu."

"Aliyekuwa anautumia huo alikuwa nani? Mbuzi?"

Unanijua. Tulikuwa tunaelekea pabaya. Lakini nikuambie kweli, nilikuwa nabishana kwa mazoea tu. Moyoni nilishakubali. Nilihitaji mashine ya kunisomea nilichoandika, na hii ilionekana imekwenda na mwenyewe. Nilikuwa karibu kumwambia futa.

Wifi akaingia. Alikuja mjini kuchapisha mitihani, akapitia sokoni Mwigobero, kisha akatufuata kwa fundi, mfuko wa dagaa mkononi. Alikuta fundi anabonyeza na mashine inalia. Akasimama mlangoni.

"Mnaifanyia nini?"

"Imeharibika, madam. Sikiliza hiyo kelele."

"Kelele gani? Inasema ina njaa."

Fundi akacheka. "Madam, kompyuta haisemagi ina njaa."

"Ya Magesa inasema. Betri inaisha. Chomeka waya, acha kunichekea."

Akachomeka. Mashine ikachachatika kidogo. "Sasa imesema inakula," wifi akasema, akaketi, akaweka dagaa wake chini.

Fundi akategea sikio. Mimi pia, na hilo si la kila siku. Kumbe kelele ile ilikuwa Kiswahili, kaka. Ulikuwa umeweka kasi ambayo sisi tuliozoea kusubiri mtu amalize sentensi hatuwezi kuikamata. Wifi aliishi nayo sebuleni miaka mingi, akisahihisha madaftari upande mmoja wa meza na wewe upande wa pili, hadi ikamwingia kama mtu anavyosikia lugha ya nyumba alikoolewa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wifi, ningejuaje kuwa hamsikii?"

Kioo nacho kilikuwa kizima. Ulikuwa umeshusha mwanga hadi mwisho. Fundi alipoupandisha akapiga kelele, "Kumbe taa ilizimwa tu!" Mimi nikakumbuka ulivyomjibu mtu wa umeme kule Manyamanyama: kwa nini nilipie taa ya chumba nisichoingia?

Tukaanza kazi ya kuipunguza kasi. Vidole vilikuwa vyangu. Nilimkataza kabisa fundi asiguse. Nikabonyeza Insert pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, mipangilio ya kisoma skrini, ile programu inayosoma kwa sauti, ikafunguka. Wifi akawa anasikiliza na kuniongoza. "Kulia. Tena. Hapo ni Sauti. Ingia. Shuka. Hapo ni Kasi. Rudisha nyuma." Nikarudisha. Mashine ikasema kitu, bado kelele. Nikarudisha tena. Kelele ikawa na vipande. Nikarudisha tena, na tena, na katikati ya vile vipande likaja neno, kisha la pili, kama mtu anayekuja kutoka mbali na unaanza kumtambua kwa mwendo.

"Betri inakula. Usimsumbue."

Sauti ya bati, haina mzaha wala huzuni. Lakini maneno! Nikajikuta nauliza kwa nguvu, mbele ya wateja, "Hilo la mashine au la Magesa?"

Wifi akajibu, "La Magesa. Ya humo ndani yote aliyaandika yeye."

Lilikuwa swali lako hilo. Tukichunga ndama, mimi nakusomea kitabu cha uraia baada ya surua kukuchukulia macho, nilikuwa nikiona mwandishi amelegea namwongezea hoja zangu. Ulikuwa unainua kidevu, unauliza, "Nyamisi, hilo la kitabu au lako?" Hukuwahi kukosea hata mara moja. Nilikuwa naudhika sana.

Sasa nimeelewa ulichokuwa unanihubiria kuhusu programu huria, nami nikikujibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Ulisema huu ni mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuubadilisha na kumpa jirani. Nilidhani unazungumzia bei. Kumbe ulikuwa umeingia ndani, ukakuta mashine inasema Kiingereza kwa sauti ya Kiswahili, ukaanza kutafsiri neno kwa neno, kitufe kwa kitufe, mwalimu wa Bunda asiyeona, bila kuomba kibali kwa mtu. Mimi niliyejaza magazeti kwa kelele za lugha ya wananchi sikuwahi kutafsiri hata kitufe kimoja. Wapo wasomi watakaokuambia Kiswahili hakijakomaa kwa mambo ya kompyuta. Waje Manyamanyama. Waambiwe na betri kwamba ina njaa, halafu waseme ni neno gani hawakulielewa.

Na yule fundi, nusu saa tu, angefuta yote. Si kwa ubaya. Angeweka mfumo wa maana.

Nyumbani, jambo la kwanza nililofanya ni kuiomba mashine inisomee ile makala yangu iliyonipa wokovu. Nilikaa mkao wa kusikia matusi yangu mwenyewe. Ikaanza: "Tunaziomba mamlaka husika ziangalie uwezekano." Nikaisimamisha. Nikairudisha. Uwezekano! Mimi sijawahi kumwomba mtu aangalie uwezekano tangu nizaliwe. Nikasikiliza hadi mwisho. Dharau haikuwamo. Wavivu hawakuwamo. Kulikuwa na shukrani kwa ushirikiano.

Nikamwita Baba Neema. "Haya ni yangu au ni yako?"

Akakohoa. "Nilipunguza makali kidogo, Mama Neema. Kidogo tu. Nilikuwa naogopa simu."

"Simu wananipigia mimi."

"Lakini napokea mimi, kwa kuwa huoni namba."

Hapo alikuwa na hoja, nikampa. Hoja yenyewe haikumrudishia kazi. Siku hizi anapika chai na anapokea simu. Kuandika naandika mwenyewe. Nimeiambia mashine itamke kila herufi ninayobonyeza, ili nikikosea nijue papo hapo. Ni polepole. Makala ambayo zamani ningeimaliza kabla uji haujapoa inanilia siku nzima. Lakini inaposomwa, nasikia nilichokiandika, chote, hakuna aliyekaa katikati.

Nimejifunza jambo ambalo nadhani ulilijua. Sauti hii haisaidii hasira. Inatamka "dharau" kama inavyotamka "dagaa". Zamani nilikuwa naegemea kwenye kelele, alama za mshangao zimejipanga kama askari. Mashine haizioni alama zangu. Kama hoja haipo, nasikia shimo. Kwa hiyo makala mpya ni fupi, na nadhani ni mbaya zaidi kwa wanaosemwa ndani yake.

Nilipotaka kunukuu lile tangazo la mkutano, nililihamishia kwenye kompyuta yako nikalifungua. Mashine ikasema:

"Picha. Waulize."

Nikafungua tena. "Picha. Waulize." Nilicheka hadi Baba Neema akaja na chai kabla ya wakati. Nikampigia wifi. Akanieleza kwamba uliandika hilo mwaka ule zamu za maji zilipotangazwa kwa picha, mkakosa maji wiki nzima, nawe ukaenda ofisi ya maji na ndoo tupu, ukaketi kwenye benchi, ukamuuliza kila aliyepita, "Tangazo linasemaje?" Hadi wakalisoma kwa sauti. Hukuniambia. Nafikiri ulijua ningeandika makala, na wewe ulitaka maji.

Makala yangu mpya nimeituma Jumatatu, kama nilivyoiandika, makosa mawili ya herufi ndani yake kama ushahidi kwamba ni yangu. Pongezi zimekoma. Simu zimeanza. Baba Neema anapokea, anasema "Ndiyo, ndiyo, ni yeye," na sauti inamtetemeka kidogo, lakini anasema.

Na leo ofisi imejibu. Baba Neema alisikia simu ikilia, akasema ujumbe umetoka kwao. Nikamwambia asinisomee, auhamishie tu kwenye mashine. Nikaketi, nikafungua, nikainua kidevu kama wewe.

"Picha. Waulize."

Wamejibu malalamiko kuhusu picha kwa picha, kaka. Baba Neema aliichungulia, akaniambia ina muhuri na sahihi. Akauliza taratibu, "Nikusomee?" Nikamwambia hapana, asante, akalete sweta yangu, kesho asubuhi natoka na upepo wa ziwa ni mkali.

Pumzika, kaka. Wifi anasema mwishoni mwa mwezi tuje Butiama kung'oa magugu, nami nimekubali, ingawa atanisimamia kama mwanafunzi. Kasi ya mashine nimeipandisha kidogo tangu wiki iliyopita, na nitaendelea kuipandisha mpaka niisikie kama ulivyokuwa unaisikia. Barua hii nimejisomea mara mbili kabla ya kuifunga. Yote ni yangu, isipokuwa yaliyo yako.

Kesho naenda pale ofisini. Nitaketi kwenye benchi na kumuuliza kila atakayepita.

Dada yako,
Nyamisi