Kopo la boksiti

Facinet, nimeshuka melini. Nimeshuka! Niko hapa gatini Kamsar na begi langu.

Boksiti tuliyopakia, ule udongo wa madini ya alumini, imenyeshewa. Nikatia kidogo koponi, nikaligonga chini tena na tena, kama tulivyofundishwa darasa la jioni. Wallahi, udongo ukageuka uji. Uji! Ukigeuka hivyo baharini, meli inalala ubavu na kuzama.

Nikampelekea nahodha. Akasema: "Naby, mvua ya Kamsar haijaanza leo."

"Kapteni, ligonge mwenyewe." Hakuligusa. Hakuligusa kabisa!

Nikaswali, nikafunga begi. Mory, baharia mwenzangu, akapiga kelele mbele ya wote: "Mwoga wee! Nenda kwa mkeo akakubembeleze!"

Sasa meli inaondoka. Mory ananipungia mkono, bado anacheka.

Niombee, Facinet. Omba iwe ni woga wangu tu.