Antivirusi Tatu na Fundi Mmoja

Jumatatu, 13 Januari 2025

Aibu! Aibu ya mwaka mzima, na mwaka wenyewe ndiyo kwanza umeanza. Kaka yangu Garad alipita jioni kuangalia bei za mbuzi kwenye kompyuta yetu ya nyumbani. Akabonyeza mara moja – pap! – mwanamke mwenye nguo haba akajaa kioo kizima. Garad akamfunga. Wakaja wawili. Akavua shuka lake begani akaifunika kompyuta yote, macho ameyafumba. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Nimecheka hadi nusu ikamwagika.

Yeye hakucheka. Alisema isafishwe, ama itoke nyumba hii.

Binti yangu Salwa anaapa hajui kitu. Ila flashi yake ilipitia kompyuta za kukodi za saiba ya karibu na chuo chao, na nadhani ilirudi na wageni. Kesho natafuta fundi.

Alhamisi, 16 Januari

Fundi amekuja. Anaitwa Junaid.

Kwanza mambo ya kompyuta, najiambia mwenyewe, Rowda. Tulia. Virusi vimeondolewa. Sasa inatakiwa antivirusi ya kuilinda, na ziko tatu. Moja ilikuja na kompyuta yenyewe, ni ya bure, imelala tu humo ndani. Ya pili ina ngao nyekundu, ya kulipia, lakini unaruhusiwa kuijaribu mwezi mzima. Ya tatu ni ya kijani, ya bure, ila inakupigia kelele za matangazo siku nzima. Junaid ametuwekea ile nyekundu. Akasema, “Mama Salwa, hakuna haraka. Jaribu kwanza. Ukiona iko sawa ndio ulipe.”

Hakuna haraka! Mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi. Sokoni Doldol namshika mbuzi taya, naangalia meno, napapasa mgongo, na kabla hajafunga mdomo nimeshaamua. Sijawahi kuuziwa kitu na mtu asiye na haraka. Nimependa.

Ana ndevu zenye mvi mbili tatu. Ni wa Nyeri mjini. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake ni Mgikuyu wa Wamagana aliyesilimu akiolewa. Mke waliachana zamani, kwa amani. Si mimi niliyeuliza! Garad ndiye. Akija mwanamume yeyote hapa kwangu, Garad huja kukaa sebuleni na kumhoji kama askari wa kizuizini. Leo nimemshukuru kimoyomoyo.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeharibu. Niliona: boma langu la mbuzi lina walinzi wawili, kwa nini kompyuta iwe na mmoja? Nikaishusha ile ya kijani kutoka mtandaoni, nikaiweka pamoja na nyekundu. Nilijiona mjanja kweli. Baada ya dakika chache kompyuta ikaganda. Hata kuzimika ikakataa.

Nikampigia Junaid. Alipofika akacheka mpaka akakaa chini. “Hizi mbili haziwezi kaa pamoja, Mama Salwa. Kila moja inaona hiyo ingine ndio mwizi.”

Kuzitenganisha kumechukua mchana wote. Amekula anjera zangu na nyama ya mbuzi, akaongezwa, akaongezwa tena. Garad alisinzia kwenye kiti. Mlima ulikuwa wazi dirishani, mweupe kileleni, na nilijikuta naimba jikoni. Mimi!

Jumatano, 22 Januari

Salwa ana mdomo. Leo ameniuliza, “Mum, kwani hii computer hugonjeka tu ukiwa umevaa hiyo dera mpya?”

Nimemrushia kandambili. Imemkosa.

Lakini baada ya kucheka nilikaa nikawaza. Siku nikichagua antivirusi, Junaid ataiweka, atasema asante, na hatakuwa na sababu ya kurudi hapa mpaka mwaka uishe. Mwaka! Basi sichagui. Nitasema nyekundu ni nzito. Nitasema kijani ina kelele. Nikiishiwa nitasema rangi hazinipendezi.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Tangu baba yake Salwa afariki sijawahi kungoja mlango ubishwe. Sasa nangoja. Naogopa, na nina furaha, na sitaki fundi huyu amalize kazi.

Jumatatu, 27 Januari

Ameniita Rowda. Si Mama Salwa – Rowda! “Rowda, umeamua?” Nimesema bado. Vitunguu vimeungua vyote.

Ijumaa, 31 Januari

Siku mbaya. Ama nzuri. Sijui!

Baada ya swala Garad alifika na Junaid nyuma yake. Garad amechoka na kuja kukaa kwenye kiti changu kila mara. Ati kompyuta moja, antivirusi tatu, wiki ya tatu sasa. Mbuzi mia angekuwa ameshawanunua na kuwauza. Tuchague leo leo.

Nikamgeukia Junaid. Nilitumaini atasema tujaribu tena kidogo. Badala yake, mtu huyu mwaminifu kupita kiasi akasema, “Hii ya ndani ya bure inatosha. Niliichunguza. Bora Salwa apime flashi kabla ya kufungua kitu, na muifanyie update. Msilipe bure.” Yaani amejifukuza mwenyewe! Ningemmwagia chai.

Garad hakuridhika. Kwetu sokoni, ukinunua mnyama kwa mtu usiyemjua, lazima awepo mdhamini, mtu anayejulikana na pande zote mbili. Mnyama akitokea kuwa wa wizi, mdhamini ndiye anayeulizwa. Kwa Garad hilo halina mjadala, awe ni ngamia ama programu. Akauliza, “Sasa hii kitu ya bure, nani anaisimamia?”

“Mimi naisimamia,” Junaid akasema.

“Na wewe, nani anakusimamia?”

Nilikuwa mlangoni na vikombe, nimeganda kama kompyuta yangu. Nilitaka kumpiga Garad na sinia. Aibu gani hii, kumuuliza mtu mzima wa watu!

Junaid hakukasirika. Alinitazama mimi, kidogo tu, kisha akamtazama Garad. “Nitaleta watu Jumapili.”

Garad akatikisa kichwa kama mtu aliyefunga biashara. Walipotoka, Salwa akanishika mkono. “Mum. Mum! Amesema watu!”

Ni mambo ya kompyuta, nimemwambia. Ni kompyuta tu, Rowda. Usijichekeshe.

Jumapili, 2 Februari

Naandikia jikoni, juu ya debe la unga.

Wamekuja. Junaid amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi imesimama. Yuko mjomba wake, Mzee Ali, na yuko mama yake kutoka Nyeri, na kiondo kilichojaa: sukari, majani ya chai, parachichi. Nani huleta sukari kwa ajili ya antivirusi?

Garad hakushtuka. Baada ya salamu akaenda moja kwa moja. “Karibuni. Kwa hivyo nyinyi ndio mnasimamia ile program?”

Mzee Ali akamgeukia Junaid. “Program gani?”

Nilikimbilia huku. Salwa ametafuna ncha ya mtandio wake yote. Kompyuta haijawashwa hata. Hakuna aliyeuliza habari zake!

Garad amekuja mlangoni. Anaongea kwa sauti ya chini, ya zamani, ya tulipokuwa watoto. “Abaayo, dada yangu, hawa hawakuja kwa computer. Kijana wanamsimamia. Wanasema ni wao, wanamjua tangu azaliwe. Wanauliza kama waseme maneno yao, ama wanywe chai tu waende. Mimi sijibu. Wewe ndio unajua.”

Nimemwambia angoje. Garad asiyengoja mtu, amesimama anangoja, nami naandika! Salwa ananong’ona, “Mum, wacha kuandika, jibu!” Mama yake Junaid anacheka sebuleni, kicheko kizuri. Junaid mwenyewe simsikii kabisa.

Nimesema, “Waulize kama wanakula pilipili.”

“Hiyo si jibu.”

“Nyama inaiva saa hii. Itachukua muda. Hawawezi kwenda.”

Garad amenitazama mpaka nikaangalia ukuta. Kisha amepandisha mikono ya shati, kaka yangu huyu ambaye hajawahi kugusa chombo nyumbani kwangu, akafungua kabati, na sasa anateremsha zile sahani za wageni.