Kiyoyozi Kisicho na Mkanda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwenyewe nimekwisha kujihukumu na haijanisaidia kitu. Mimi ni fundi wa injini, nimefiwa na mke wangu miezi mitano iliyopita. Nina gari moja la zamani, la milango miwili, nililolijenga kwa mikono yangu kwa miaka tisa, injini nimeichonga mwenyewe, kabureta nne, ukikanyaga mafuta shingo inarudi nyuma. Mafundi wenzangu ndio walionibandika jina la Kabureta, na nakiri jina lenyewe lilinipanda kichwani. Injini ya namna hiyo haipendi kiyoyozi, kwa sababu kompresa, ile pampu inayoleta baridi, inazungushwa na mkanda wa injini na inakula nguvu, likisimama kwenye foleni joto linapanda na mngurumo unayumba, lakini mke wangu alipoanza kuumwa, na dawa za hospitali zikawa zinamuunguza mwili kama mtu aliyefunikwa blanketi juani, aliniomba kitu kimoja tu, "Baba watoto, nifungie kiyoyozi, nisifike kwa daktari nimelowa jasho." Nikafunga. Wiki ya kwanza kilifanya kazi vizuri, akawa anafumba macho na kutabasamu, halafu Ijumaa moja jioni, nimeshamrudisha nyumbani nikatoka tena, wakati narudi peke yangu gari likanizimikia kwenye taa, mbele ya gereji ya jamaa ninayeshindana naye, vijana wake wakatoka nje kupiga makofi, "Kabureta, tukusukume?" nami nikacheka nao, lakini roho iliniuma, na nilipofika nyumbani nikafungua boneti nikautoa mkanda wa kompresa, nikaacha feni tu ipulize, ukibonyeza swichi taa inawaka, upepo unatoka, baridi hakuna.

Sikumwambia. Jumanne yake, tukienda hospitali, akasema, "Mbona leo si kama juzi?" nikamjibu, "Ni joto la nje, mke wangu, kipe muda," na hakuuliza tena, tukaendelea hivyo miezi minne, kila Jumanne na Ijumaa, vioo vimefungwa kwa sababu eti gari lina kiyoyozi, yeye akijifuta kwa kitambaa na mimi nikisikiliza injini, na kila mara nilijiambia wiki ijayo nitaurudisha mkanda, wiki ijayo, mpaka hakukuwa na wiki ijayo. Msibani binti yetu alisimama akawaambia watu kwamba mama yake alikuwa akimsimulia kwenye simu jinsi baba alivyoitoa sadaka injini yake ili yeye apate baridi, watu wakaniangalia kwa huruma, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa binti huyo, ambaye ndiye pekee niliyebaki naye, ana mimba ya miezi saba, anakuja kukaa kwangu hadi ajifungue, na ameniambia, "Baba, kliniki utanipeleka na lile la mama, lenye kiyoyozi." Kuurudisha mkanda ni kazi ya nusu saa na hakuna atakayejua. Lakini juzi nikisafisha gari nimekuta chini ya kiti cha marehemu kipande cha boksi alichokikata kwa mkasi kiwe cha kujipepea, pembeni kimechakaa kwa vidole, sikuwahi kukiona, nadhani alikuwa akijipepea nikishuka kumchukulia namba ya foleni hospitalini, na nilipokigeuza nikaona ni boksi la ile kompresa. Mshauri, je, alijua? Na je, nimwambie binti yangu nimpoteze naye, au nifunge mkanda ninyamaze?

Fundi Kabureta

Fundi, pole. Neno hilo nalitanguliza, kwa sababu ukimaliza kusoma jibu hili huenda usiamini kwamba nililisema.

Ulikuwa na mgonjwa ndani ya gari na wewe ukawa unaiuguza injini. Nimempigia simu fundi wa viyoyozi vya magari, mama mmoja mwenye maneno machache, nikamuuliza kama injini kali ya zamani inaweza kubeba kiyoyozi. Akacheka. Akasema weka puli kubwa zaidi, lile gurudumu la mkanda kwenye kompresa, ili isizungushwe kupita kiasi, weka rejeta pana ya kupoza maji ya injini na feni ya umeme, funga kifaa cha kuiongezea injini mzunguko kidogo gari likisimama, na swichi ya kuikata kompresa ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Siku mbili za kazi. Haya yote ulikuwa unayajua, Kabureta, na ndiyo maana hujitetei. Wale vijana walikupigia makofi dakika moja, na mkeo akatokwa jasho miezi minne.

Unauliza kama alijua. Mtu hakati boksi la kujipepea akiwa kwenye gari lenye baridi. Alijua, na kwa kuwa alijipepea pale tu uliposhuka, alijua pia kwamba ungeona aibu, akakufichia. Nguvu kidogo alizobaki nazo alizitumia kukulinda wewe, mbele yako na mbele ya mwanao. Lia, ndugu yangu. Hata mimi nimeiweka barua yako pembeni mara mbili. Ila usije ukaugeuza ukimya wake kuwa msamaha. Hukumwomba, hatujui angejibu nini, na itabidi uishi bila kujua.

Binti yako mwambie. Umwambie kabla hajapanda gari, mkiwa mmekaa sebuleni, na umpe kile kipande cha boksi mkononi. Usianze na habari za injini, anza na mama yake. Akikasirika mwache akasirike, akitaka kwenda kliniki kwa teksi mwitie teksi, wala usimfukuzie msamaha siku hiyo hiyo. Utampoteza kweli ukimwachia agundue mwenyewe. Anamkumbuka mama aliyepewa baridi, na mama huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni yule aliyekaa kwenye joto akanyamaza, na mwanaye ana haki ya kumlia huyo.

Mkanda urudishe leo. Usiurudishe ili kuficha, urudishe kwa sababu mjamzito anakuja, na zile kazi za siku mbili uzifanye zote. Na hata gari likizimika tena kwenye taa naye yumo ndani, waache watu wapige makofi mpaka wachoke. Liwashe tena, vioo vikiwa vimefungwa na baridi inatoka kweli, umfikishe mwanao kliniki.